Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mchoro wa "Bado Kidogo"

Mimi ni fundi wa fremu, Mji wa Kale, Mombasa. Nyuma ya meza ninayokatia mbao pana mchoro mmoja ambao kila anayekuja kuchukua picha yake ya harusi au cheti cha mwanawe huishia kusimama mbele yake. Anasahau alichojia, kisha anauliza. Maswali ni yaleyale, nami nimeyajibu miaka sita huku nikishika nyundo. Sasa nimeyaandika, kwa mfuatano yanavyonijia dukani.

Kwenye mchoro kuna nini hasa?

Ni rangi ya mafuta juu ya turubai, sentimita 60 kwa 90. Mchoraji amesimama Mama Ngina, kwenye ukingo wa mibuyu, uso ameuelekeza Likoni. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa mahali penyewe: mawe ya matumbawe chini, mkondo mbele, minazi ng'ambo, bahari kuu mkono wa kushoto.

Ila mkondo umekauka. Hakuna maji hata tone. Sakafu ya bahari iko wazi, nyeupe kama chumvi, na mchanga wake umekunjamana kama shuka lililolaliwa. Katikati umesimama mlango wa nakshi, mlango mtupu, hauna ukuta wala nyumba. Ubao wake wa kulia umefunguka shubiri moja, na ndani yake ni usiku wenye nyota, ilhali huku nje ni asubuhi. Vivuli vya mibuyu vimelala kulia, kama inavyopasa jua likitoka baharini. Kivuli cha mlango kimelala kushoto, kinaliendea jua. Chini kabisa, ukingoni, pamepangwa viatu kama mlangoni mwa msikiti: makubadhi, ndara, raba. Nimevihesabu. Ni jozi 17 na ndara moja isiyo na mwenziwe.

Watu hawamo.

Basi maana yake nini?

Hili ndilo la kwanza kila siku, na wapo wanaoniongezea: "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua." Wanataka nigangue.

Mimi naona tumebahatika kuliko watu wengi katika jambo hili, kwa sababu tumelelewa na kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Hakuna mama wa pwani anayesoma jina peke yake akasema amemaliza. Anaangalia nani amevaa, amevaa siku gani, amempitia nani mbele akiwa amejifunga. Kanga ileile ikienda arusini inasema hivi, ikitundikwa kwenye kamba inayoelekea dirisha la jirani inasema vingine, na maneno hayajabadilika hata herufi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza maana, namwambia aanzie pindoni. Zunguka kingo nne za mchoro kwanza. Kitu gani kimekatwa na ukingo? Kitu gani kinatoka nje? Kisha ingia mjini: nini kiko katikati, nini kimeachwa mbali na katikati? Halafu ndipo usome jina. Nyuma ya turubai limeandikwa kwa penseli, "Bado kidogo", basi. Sasa jiulize nani anayasema maneno hayo. Ni maji, yanayotaka kurudi? Ni mlango, unaotaka kufunguka wote? Ni mtu aliye kwenye foleni ya feri, anayemtuliza mtoto? Yote matatu yanakaa, na kila moja linaugeuza mchoro mzima.

Ukishafika hapo umeanza kuusoma. Jibu la neno moja sina. Ningekuwa nalo ningeuondoa mchoro ukutani nikalibandika hilo neno.

Kwani hakuna orodha? Mlango ni kifo, maji ni mali, nyota ni bahati...

Orodha zipo, na hapa kwetu zimeingia kwa njia ya ndoto. Tumezoea kuambiwa nyoka ni adui, jino likitoka ni msiba. Sina ugomvi na wanaotafsiri ndoto, lakini mchoro si ndoto. Ndoto humjia mtu amelala. Huu ulifanywa na mtu aliye macho, akachanganya rangi, akangoja ikauke, akafuta, akarudia. Kila kitu humo kimeamuliwa.

Halafu orodha hudanganya hata pale tunapoiamini. Nenda uitazame milango ya mtaa wa Ndia Kuu, hapa Mji wa Kale. Waongozaji wa watalii watakuambia mnyororo uliochongwa kwenye miimo ni ulinzi wa nyumba. Mwingine atakuambia ni biashara ya watumwa. Samaki ni uzazi, mawimbi ni safari za baharini. Nakshi ni hizohizo, na maelezo hubadilika kila baada ya milango miwili. Hali hiyo hainisumbui. Ninachojifunza ni kuwa ishara hupata maana kwa jirani zake. Mlango ulio kwenye nyumba unatenganisha ndani na nje. Ule wa mchoroni hauna ndani wala nje, unaweza kuuzunguka kwa miguu, na bado umefunguliwa kidogo tu, kama mwenyewe anachungulia. Hapo "mlango ni kifo" haikusaidii kitu. Inakuzuia kuiona ile shubiri moja.

Kivuli kimekwenda upande mbaya. Mchoraji alikosea?

Hakukosea. Mibuyu saba ina vivuli sahihi. Mtu hawezi kupatia saba akakosea kimoja kilicho katikati.

Kivuli kinachokiuka jua ni chombo cha zamani katika uchoraji wa namna hii. Mwitaliano Giorgio de Chirico, mwaka 1914, alichora barabara tupu ambamo msichana anakimbiza ringi, na mbele yake kimelala kivuli kirefu cha mtu au sanamu tusiyoiona. Hakuna kibaya kinachotokea. Mistari ya majengo yenyewe haikutani mahali pamoja inavyotakiwa, jicho linajua kuna kitu hakiko sawa kabla akili haijajua, na moyo unaanza kwenda mbio. Mbelgiji René Magritte alifanya jingine: kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 alirudia mara nyingi mchoro wa nyumba iliyo gizani, taa ya barabarani inawaka, na juu yake mbingu ya mchana yenye mawingu meupe. Kila nusu ni ya kweli kabisa. Uongo uko kwenye kukutana kwao.

Huu wetu umefanya vyote viwili. Usiku umewekwa ndani ya mlango, na kivuli kimegeuzwa. Ukiniuliza mimi, kivuli hicho si cha jua la asubuhi ile. Mlango una jua lake, la saa nyingine. Anayetazama anasimama asubuhi, lakini mlango tayari uko jioni. Lirudie sasa lile jina, "Bado kidogo."

Huu usurealisti si mambo ya Ulaya?

Jina lilitoka huko. Mshairi Mfaransa André Breton alitoa tamko lake Paris mwaka 1924, baada ya vita vikuu, akitaka sanaa ichote kwenye ndoto na kwenye sehemu ya akili isiyotawaliwa na mantiki, njia aliyoifungua daktari Sigmund Freud. Lakini tazama wenyewe walichora wapi. Saa zinazoyeyuka za Salvador Dalí, za mwaka 1931, ziko kwenye mchoro wa sentimita 24 kwa 33, kubwa kidogo tu kuliko karatasi ya A4, na majabali ya nyuma yake ni ya Cap de Creus, pwani ya Katalunya karibu na kwao. Ni mtu aliyechora ufuo wake. Yves Tanguy alikuwa baharia wa meli za biashara kabla hajashika brashi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1923 alikuwa ndani ya basi, akauona mchoro wa de Chirico dirishani, akashuka. Mandhari yake yote yanafanana na sakafu ya bahari iliyonyang'anywa maji. Mara ya kwanza nilipoziona kwenye kitabu nilidhani ni Kilindini, mkondo wetu huu, kumekauka.

Na Afrika haikukaa pembeni. Mwaka 1938 wasanii na waandishi wa Cairo waliunda kundi la Sanaa na Uhuru, wakausimamisha usurealisti dhidi ya ufashisti. Hapa Afrika Mashariki, Samaki Likankoa, mchongaji wa Kimakonde, alifungua njia ya sanamu za shetani katika miaka ya 1950: mwili wa jicho moja, tumbo lililogeuka mdomo. Hakuhitaji tamko la Paris. Nasi wenyewe hupita kila siku chini ya mapembe ya alumini ya Moi Avenue, yamevuka barabara nzima, ndovu hayupo, na mtu anaendelea kuita matatu. Macho yetu yamezoea zaidi ya tunavyodhani.

Ni uchawi? Mbuyu na mlango wazi...

Sivyo. Najua mbuyu una habari zake, na kwenye mnara wa Mbaraki watu wamepeleka ubani na marashi tangu zamani. Mchoraji ni mtu wa hapa, anajua kwamba mbuyu utakutia wasiwasi, na ameutumia wasiwasi huo kama anavyotumia rangi ya buluu.

Viatu ni vya waliokufa Mtongwe?

Swali hili naliulizwa kwa sauti ya chini, na ninalijibu polepole.

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakapoteza maisha. Mombasa hakuna mtaa usiomjua mmoja wao. Mwaka juzi aliingia mzee kuchukua fremu ya picha ya mjukuu wake, akauona mchoro, akakaa kwenye kigoda changu karibu nusu saa. Hakuuliza lolote. Alipoinuka aliinama mpaka usawa wa viatu, akaweka kidole karibu na ile ndara moja bila kugusa, akasema, "Maji yote haya yametolewa ili tutafute." Akalipa akaenda.

Sijui mchoraji aliwaza hilo au hakuwaza. Ila neno la yule mzee limo mchoroni sasa, kwa sababu kila kitu kilichochorwa kinalibeba: mkondo uliokaushwa, sakafu iliyo wazi, viatu bila watu. Usomaji wa haki ndio huo, unaotegemea kilichopo turubaini hata kama mchoraji hakuutaja. Kijana mmoja aliniambia viatu ni vya watalii waliokwenda kuogelea. Nikamwuliza, wameogelea wapi? Akatazama tena, akacheka, akaliacha.

Upo na usomaji mwingine ninaoukubali. Viatu huvuliwa mahali patakatifu. Basi pengine sakafu ya bahari ndiyo msikiti, na walioingia wako mbele, kule macho yetu yasikoweza kuona. Au wamekwisha kuvuka, wameingia kwenye ule usiku mmoja mmoja, na aliyebaki kuvua viatu ni wewe unayetazama.

Mchoraji mwenyewe anasemaje?

Yu hai, mashallah. Ni mwanamke wa Likoni, anavuka kila siku, na ameniomba nisimtaje jina. Hupita kunywa kahawa tungu hapa kibarazani. Ukimwuliza rangi atakujibu mpaka uchoke. Ukimwuliza maana, atakuuliza kama umeiona kamba.

Wako wanaotaka nieleze maisha yake ili mchoro ufunguke. Nawakumbusha Magritte. Mama yake alizama mtoni Sambre mwaka 1912, yeye akiwa na miaka 13, na kila alipochora uso uliofunikwa kitambaa, wahakiki walisema ni yule mama. Yeye hakupenda kabisa michoro yake ifunguliwe kwa ufunguo wa namna hiyo. Maisha ya mtu yanaweza kukueleza jambo lilikoanzia. Hayakuelezi kwa nini mchoro unakushika wewe usiyemjua mama yake.

Kamba ipi? Na mbona fremu yako ina pengo, haikushika turubai?

Maswali mawili, jibu moja, na ni kosa langu mwenyewe.

Alipouleta mara ya kwanza niliufunga fremu ya kawaida. Fremu ya kawaida ina mdomo unaolalia turubai milimita sita hivi pande zote, ndio unaoshika. Nikaridhika, nikampigia simu. Alikuja, akatazama, akasema, "Fundi, umeikata kamba." Sikuona kamba yoyote. Akachukua penseli yangu akaonyesha: kutoka pete ya chuma ya mlango, unyuzi mwembamba wa rangi ya kahawia, kama unywele, umeshuka mchangani, umelala, umepita kwenye mikunjo, umekwenda kushoto mpaka ukingo wa turubai na kutoka nje. Zile milimita sita za mwisho ndizo kamba inapokazika. Kote ilikopita imelegea. Pale ukingoni imenyooka. Kuna kitu upande wa pili kinaivuta.

Niliivunja fremu siku ileile. Nikamtengenezea ya sanduku, ambayo turubai linakaa ndani bila kuguswa kingo, ndiyo sababu ya hilo pengo. Na ndipo nilipojifunza kuanzia pindoni.

Tangu hapo mlango nauona ni chombo. Umefungwa kamba kama mashua inavyofungwa maji yakipwa, ili yakijaa isichukuliwe. Sisi wa pwani tunajua kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hapa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yakishatoka, baada ya saa sita hivi yanarudi. Kilindini penyewe hapapwi, jina lake ni kilindi. Aliyepakausha amevunja jina la mahali. Lakini aliyefunga kamba anaamini maji yatarudi.

Au anayo kamba mkononi na anauvuta mlango kuelekea baharini. Hili siwezi kuamua, na nimejaribu.

Ni kweli kuna mtu aliyefutwa? Na je, inafaa kuutundika nyumbani?

Watu huyauliza pamoja, na nadhani naelewa kwa nini.

La pili kwanza. Wanazuoni wamezungumza karne nyingi juu ya picha za viumbe wenye roho, na wametofautiana. Mandhari isiyo na mtu wala mnyama wengi hawaoni neno nayo. Ukiwa na shaka muulize shehe wako, mimi ni fundi.

La kwanza ni kweli. Kushoto kwa mlango, kiasi cha upana wa kiganja, rangi nyeupe ya mchanga ni nene kuliko kwingine. Mwanga ukiipiga kwa ubavu, unatokea mgongo wa brashi ya kwanza iliyo chini: bega, mstari wa vazi refu, mkono ulioinuliwa usawa wa kifua. Mtu alikuwapo, akafunikwa. Mkono ule uko sawasawa na kamba.

Wengine wanasema alimfuta kwa dini. Wengine kwa kuwa mchoro ulikuwa mwepesi mno mtu akiwamo. Tungemtazama yeye tu. Mimi nauona kutokuwapo kwake ni tofauti na ule mchanga mwingine ambako hapajawahi kuwa na mtu. Kwenye kuta za Fort Jesus kuna michoro ya askari wa Kireno, meli, samaki na watu, iliyokaa chini ya chokaa na vumbi la miaka mingi kabla ya kuonekana tena. Kufunika na kufuta ni mambo mawili.

Niutazame muda gani?

Dakika kumi, simu ikiwa mfukoni. Dakika mbili za mwanzo utaona ajabu, tatu zinazofuata utachoka. Ukivumilia hapo, ndipo utaona kamba.

Unauzwa?

Hapana.

Nami nina mchoro, niutundike wapi?

Si mbele ya dirisha la baharini. Chumvi na unyevu hulegeza turubai na kuleta ukungu mgongoni. Ukuta wa ndani, na uache upenyo wa kidole kati ya fremu na ukuta hewa ipite.

Nije saa ngapi?

Saa kumi na nusu jioni, baada ya Alasiri. Jua huingia kwa uchochoro likaupiga mchoro kwa ubavu kama robo saa hivi. Simama kushoto, karibu na mashine ya kukatia vioo, uinamishe kichwa kidogo. Utauona mkono.